Pedali Zisizobadilishwa Kileleni

Hapo zamani, wala si mbali, maana waliozaliwa mwaka ule bado wanakaa madarasani, palikuwa na mke na mume katika milima ya Taita waliokuwa wakishindana kwa baiskeli. Mume aliitwa Kirigha, mke Mghoi. Mashindano yalikuwa ya wawili wawili: mnapanda mlima pamoja, mnashuka pamoja, na saa husimamishwa anapofika wa mwisho. Washindi wangepelekwa ng'ambo kushindana na wengine.

Kirigha alipanda kama mbuzi. Mghoi alishuka kama maji. Kwenye mwinuko mume alimngoja mke, kwenye mteremko mke alimngoja mume, na miaka mitatu mfululizo wakatoka wa pili.

Sasa sikilizeni habari ya pedali, maana ndizo zilizoleta kilio. Pedali ziko namna mbili. Kuna bapa: unaweka mguu, unaondoa mguu, hakuna anayekushika. Kuna za kunasa: kiatu kina chuma chini ya wayo, pedali inakibana, na hutoki mpaka uzungushe kisigino kwa nje. Za kunasa ni nzuri kupandia, maana mguu unasukuma na kuvuta. Lakini anayeanguka nazo huanguka na baiskeli yake.

Mghoi alizoea bapa tangu utoto. Akiteleza, alitoa mguu wa kushoto, akagusa ardhi, akaendelea. Siku tano kabla ya mashindano akamwambia mumewe, "Nimechoka kungojwa. Nitafutie viatu vya kunasa." Kirigha akavipata. Siku ya kwanza Mghoi alianguka mlangoni kama gunia, baiskeli ikiwa imesimama tu. Wote wakacheka, naye akacheka. Kisha wakapatana: atapanda kwa za kunasa, na wakifika kileleni fundi atazifungua na kufunga bapa. Ni kazi ya dakika tatu.

Fundi wao aliitwa Maganga. Asubuhi ya mashindano Mghoi alimlalamikia kwamba mguu unachomoka kwenye pedali, akamwomba azikaze. Maganga akakaza springi, ile inayobana kiatu kwenye pedali, mpaka mwisho. Hakumwambia ni kiasi gani. Alijua kileleni pedali zile zitatolewa.

Wakapanda. Ukungu ulikuwa umelalia njia na mizizi ilikuwa imelowa. Siku hiyo Mghoi hakungojwa. Wakafika kileleni wa kwanza, wakamkuta Maganga amepiga goti, spana mkononi. Kando yake alisimama kocha wao, Mwandoe, akitazama saa.

"Wanaowafuata wako nyuma dakika mbili," Mwandoe akasema. "Tukibadilisha tunawapisha. Mghoi, utaweza kushuka hivyo hivyo?"

Mghoi akazitazama pedali. Jibu la kweli alilijua. Akaikumbuka pia miaka mitatu ya kuwa wa pili.

"Nitaweza," akasema.

Maganga akafungua kinywa, kisha akakifunga. Kocha akishakata shauri, fundi atasema nini?

Kirigha akamgusa mkewe begani. "Tangulia. Niko nyuma yako."

Nyuma, kwa hao wawili, ilikuwa hatua thelathini. Ndivyo walivyopatana siku zote, ili mmoja akianguka mwenzake apate nafasi ya kusimama.

Kwenye kona ya nne njia ilikuwa nyembamba, kulia jabali, kushoto korongo. Gurudumu la mbele likapanda mzizi, likateleza. Mghoi akautoa mguu wa kushoto kama alivyoutoa maisha yake yote, na mguu haukutoka. Akavuta tena. Akaanguka, akakingama njiani, baiskeli juu yake.

Ndipo akasikia tairi za Kirigha. Zilikuwa karibu, hata hatua kumi hazikufika. Akageuza shingo, wakaonana macho. Kirigha alikuwa na mawili tu: ampitie mkewe kifuani, au aende kushoto. Akakata usukani kushoto. Hakupiga kelele.

Mghoi hakuweza hata kuinuka achungulie. Akafungua kamba za viatu, akaviacha kwenye pedali, akatambaa mpaka ukingoni.

Wakamzika Kirigha Jumanne. Siku ya nne baada ya mazishi, mama mzazi wa Kirigha akawaita Mghoi, Mwandoe na Maganga jikoni kwake. Machozi yalikuwa yamemwishia. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Nimesikia ya majirani," akasema. "Sasa semeni nyinyi."

Mwandoe akasema, "Mama, ni mimi. Nilitazama saa, sikutazama njia. Ningesema tubadilishe, tungebadilisha. Lakini nilimwuliza, mama. Sikumlazimisha."

Maganga akasema, "Mama, ni mimi. Nilikaza springi, nikanyamaza. Lakini mwenyewe aliniomba nikaze, na kocha alikuwa ameshasema."

Mghoi akasema, "Mama, ni mimi. Viatu niliviomba mimi. Niliulizwa kama nitaweza, nikasema nitaweza."

Wakamngoja aseme "lakini" yake. Hakuwa nayo.

"Na mwanangu?" mama akauliza. "Yeye hakukosa lolote?"

Neno hilo Mghoi alikuwa amelificha, hata kwa polisi. Sasa akalitoa. "Alikuwa karibu mno, mama. Angekaa mbali kama tulivyopatana, angeweza kusimama. Alipoona hawezi, akageuka ili asinipitie."

"Basi alikosa, na akakuokoa."

"Ndiyo, mama."

Mama akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mlangoni.

"Mimi ni mzee," akasema. "Chuki ya watu wanne siwezi kuibeba, na bila kumchukia mtu silali. Sitaki mahakama, sitaki mbuzi wa fidia. Nataka jina moja. Huyo mmoja asikanyage tena uani kwangu, na siku nikifa asije kunizika. Wengine nitawasamehe leo hii, na jambo hili sitalitaja tena. Mkisema ni wewe, Mghoi, utafunga mizigo yako. Mkisema ni mwanangu, nitaishusha picha yake ukutani. Jina moja tu."

Akasukuma ungo kando, akatoka, akaketi uani na kuwapa mgongo. Jikoni wakabaki watatu na jina la kuchagua.

Nanyi mliokaa hapa mmewasikia wote, na wa kaburini mmesikia habari zake. Mama bado anangoja pale uani. Je, mtampelekea jina la nani?