Kwa Nini Ngozi ya Punda Huruka Ukiigusa

Mmeniuliza mbona nampapasa tu punda wenu, mara shingo, mara kiuno, na mwiba wa kumtibia bado nimeushika mkononi. Mwenye haraka amekwisha kuniambia, "Ni bega, Bibi, toboa bega twende zetu." Mwacheni kwanza anywe maji hapo birikani. Akiwa anakunywa nitawaeleza kwa nini siwaulizi ninyi anaumwa wapi, na kwa nini nikianza kazi sitaki kusikia mtu akiongea.

Zamani, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, punda alisema, mbwa alisema, hata farasi alisema huko aliko. Hawakusema mambo makubwa. Punda alilalamika kwamba mzigo umeelemea upande mmoja, na mbwa alieleza nani kapita na kala nini. Mnyama akiumwa alitaja mahali, na maumivu yalikaa palepale yalipotajwa, kwa sababu yalikuwa hayajajifunza kutembea.

Wakati huo aliishi mwanamke aliyeitwa Mbeleje, kwenye uwanda wa chumvi ambako hata nyasi huona taabu kuota. Mumewe alikuwa amekufa, watoto hawakujaliwa, na mvua zilipokataa, majirani walifunga vyombo vyao wakahamia milimani. Mbeleje hakwenda. Alisema kaburi la mume haliachwi kama chungu kilichopasuka. Akabaki yeye, punda wake Taratibu, na mbwa wake aliyemwita Hayawahusu kwa ajili ya majirani waliopenda kuchungulia mambo ya watu. Majirani walipoondoka, jina likabaki bila kazi.

Alikwangua chumvi iliyokauka kando ya ziwa, akambebesha Taratibu, wakaipeleka milimani kubadilishana kwa mtama. Njia ilikuwa ndefu, na wasafiri wa kale waliiwekea kambi kila palipo na maji na kivuli, maana msafara usiopumzika haufiki. Njiani walizungumza wote watatu. Hayawahusu alisengenya, Taratibu alimpinga, Mbeleje akacheka mpaka akashika mbavu. Upweke ulikuwapo, siwadanganyi. Ulimngoja mlangoni kila aliporudi, ila ulikuwa haujapata nafasi ya kuketi.

Siku moja, wakiwa nyumbani, Taratibu alisema, "Mama, bega langu linaniuma."

Sasa, watu wa uwanda ule walikuwa na desturi yao. Mnyama akitaja panapouma, chuma kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kisha palichomwa papo hapo ili maumivu yaungue. Walifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, wakiambiana kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mbeleje alimwona mumewe akifanya vivyo hivyo miaka yote, na punda yule alimpenda kuliko pumzi zake. Basi akamfunga miguu, akapasha chuma, akalichoma lile bega.

Taratibu alilia kilio kile mnachokijua, ambacho punda hulia mpaka leo. Mbeleje akamwuliza, chuma kikiwa bado mkononi, "Bado panauma?"

"Hapana, mama," akajibu Taratibu. "Pamepona."

Ulikuwa uongo. Palikuwa panauma maradufu, lakini nani angesema kweli mbele ya chuma kile? Na hilo ndilo neno la mwisho lililowahi kusemwa na punda yeyote. Mbwa, aliyekuwa ameketi kando, alilitazama bega linalofuka moshi, akasema, "Nimeona," akafyata mkia, naye hakusema tena. Farasi hakuwapo, lakini habari za ukoo hazihitaji mjumbe.

Maumivu nayo yaliogopa moto. Yalitoka begani yakakimbia chini ya ngozi, na kwa kuwa mwili ule haukujua mwendo mwingine ila mwendo wa msafara, yakasafiri hivyo hivyo. Yakafuata mgongo, yakapumzika, yakashuka kiunoni, yakapumzika, yakaingia miguuni. Hapo ndipo njia za ndani ya mnyama zilipokanyagwa mara ya kwanza, na kambi zake zikawekwa. Kwa nje hukuona kitu.

Mbeleje aliamini amemponya. Alimbebesha chumvi wakaanza safari, na kila alilosema halikujibiwa. Alidhani wamenuna. Akatania, akaimba, akamsengenya mwenyewe mbwa kwa punda na punda kwa mbwa, lakini wapi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja katikati ya njia, mbali na kambi ya nyuma na ya mbele: Taratibu alipiga magoti, akaanguka kwa ubavu juu ya matawi makavu ya mgunga, hakuinuka.

Mbeleje alimwaga chumvi yote chini. Akakitupa kile chuma alichokuwa amekibeba, akakitupa mbali. Akaketi karibu na kichwa cha punda wake, akamwambia, "Taratibu, niambie ni wapi. Sikuchomi tena, naapa kwa kaburi la mume wangu. Nitukane basi, lakini sema." Punda alimtazama kwa macho yale makubwa, akayafumba. Hapo Mbeleje alielewa kwamba punda huyu akifa, hakuna atakayemwita mama tena hapa duniani. Hakuwa amemchelea mwana kulia, na bado aliyelia alikuwa yeye.

Alisema na kusema. Aliuliza, akajijibu, akaomba msamaha, mpaka sauti ikamkauka. Na sauti ilipokwisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto, Mbeleje alinyamaza, akaweka kiganja mgongoni mwa punda kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Ngozi ikaruka.

Akasogeza kiganja taratibu, kutoka mgongoni kwenda kiunoni. Mahali pengine ngozi ilitulia, pengine ikaruka. Akaifuata mpaka juu ya kifundo cha mguu wa nyuma, mbali kabisa na bega, akakuta mwiba wa mgunga umeingia punda alipoanguka. Alipougusa ili auchomoe, Taratibu alishusha pumzi ndefu, masikio yakalegea, mdomo wa chini ukaning'inia, na lile bega lililokuwa gumu kama gogo likalainika. Mbeleje akauacha mwiba. Akavunja mingine, akaurudia mgongo kwa kiganja, kambi kwa kambi, na kila ngozi iliporuka akadunga mmoja kidogo na kungoja.

Jua lilipopungua ukali aliichomoa miiba yote. Taratibu aliinuka, akajikung'uta, akampiga teke la paja. Asante ya punda ni mateke, mnasema mkicheka. Mbeleje hakucheka. Aliketi palepale teke lilipomwangusha, akalia kwa furaha, kwa sababu lilikuwa jibu la kwanza kupewa tangu siku ile ya chuma.

Lakini neno halikurudi. Jioni alimkuna Hayawahusu ubavuni, na mguu wa nyuma wa mbwa ukapigapiga hewani kama mtu anayetaka kueleza jambo, kisha ukatulia. Upweke ukaingia ndani, ukaketi. Mbeleje aliishi nao mpaka uzeeni, akitibu wanyama wa misafara iliyopita, na kila mnyama alimwuliza kwanza kwa mdomo, akasubiri, ndipo akaweka mkono. Wanasema alikufa kiganja chake kikiwa juu ya mjukuu wa Taratibu, bado anasubiri.

Tokea siku ile hadi leo hii, wanyama hawa hawasemi wanapoumwa. Mbwa mgonjwa huenda kulala peke yake nyuma ya nyumba. Punda hubeba mpaka aanguke, nanyi mnasema punda afe mzigo ufike, maneno ya mtu ambaye hajawahi kubaki peke yake uwandani. Farasi hivyo hivyo. Imebaki ngozi tu, nayo haijibu penye kelele.

Haya, amemaliza kunywa. Ondoeni huo mjeledi mbele ya macho yake, na mnyamaze wote. Bega mmelitaja ninyi. Yeye bado hajasema.