Vyungu vya Asumini vya Bi Kifaru

Hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mabaraza na midomo kama ya baadhi yenu mnaonong'ona huko nyuma, aliishi Bi Kifaru. Tulieni. Hadithi hii sirudii mara mbili, maana inaniudhi.

Bi Kifaru alikuwa na vyungu vya asumini barazani. Shina la kwanza alilipanda marehemu mama yake, na kila bibi harusi wa nyumba ile alivaa kikuba cha maua hayo. Sasa binti yake, Mwanasiti, alikuwa anaolewa. Mama mtu hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

Mlinzi wa vyungu alikuwa Paka, naye alikuwa na sharti moja: kila chungu kikae juu ya mafiga.

"Chini kuna tundu la kutolea maji," alisema. "Panya huingilia hapo. Chungu kikiinuliwa, namwona."

Mchana alijilaza uvunguni mwa vyungu, jicho moja wazi.

Jirani yao Bi Panya alikuwa na watoto tele wenye njaa. Siku moja akajitanda kanga, akaja.

"Hodi, shoga."

"Karibu."

"Shoga, nikwambie au ninyamaze?"

"Niambie tu."

"Nasikia wakwe wanakuja Ijumaa. Wale watu wana macho, na midomo pia. Wakikuta vyungu juu ya mafiga, si watasema Bi Kifaru anapika maua?"

Bi Kifaru akahema kwa nguvu, hmff.

"Na huyo anayekoroma hapo chini ndiye mlinzi? Haya, mimi simo. Nasema kwa kuwa nakupenda."

Mnamwona alivyo? Hakusema vyungu vishushwe. Alisema watu watacheka, basi, akaenda zake.

Bi Kifaru akamwita Paka. "Toa mafiga yako."

"Mama, ukiyatoa, maua huyapati."

"Wewe kazi yako kulala, halafu unanifundisha nyumba yangu?"

Paka akainuka. Akakunja kirago chake, akaondoka. Vyungu vikashushwa, puu, puu, vikapangwa mstari juu ya baraza la udongo. Vilipendeza, siwezi kusema uongo.

Huko chini ya baraza, kwaru kwaru kwaru, Bi Panya akachimba njia kutoka kwake hadi kwenye tundu la kila chungu. Juu udongo haukuguswa hata kidogo. Bi Kifaru aliutazama kila asubuhi akaridhika.

Kisha majani yakaanza kulegea.

"Kiu hiyo, shoga," alisema Bi Panya, akipangusa mdomo. "Mwagilia."

Akamwagilia. Yakazidi kulegea. Akamwagilia tena, maskini, mpaka mgongo ukamuuma.

Asubuhi ya harusi alishika tawi la kwanza ili achume. Chopo! Mti mzima ukabaki mkononi, hauna mzizi hata mmoja. Akashika wa pili, chopo. Chunguni mlikuwa na watoto wa panya wamelala juu ya makapi ya mizizi, wamenona.

Mwanasiti akatoka ndani, amekwisha kupambwa. "Mama, kikuba cha bibi kiko wapi?"

Bi Kifaru akafukua chungu kimoja baada ya kingine, akitafuta hata mzizi mmoja. Wakwe wakafika, wakamkuta mama wa bibi harusi ameketi katikati ya vyungu, udongo hadi viwikoni. Wakacheka, tena bila kuficha. Bi Panya alikuwa kwenye mkeka wa mbele, anakula pilau.

"Hongera, shoga," akasema.

Bi Kifaru akamfuata Paka kule alikohamia. Alilia, akamwomba arudi.

"Sina kinyongo, Mama," Paka akajibu. "Lakini mimi nililinda maua, na maua hayapo tena."

Basi wanangu, ukimfukuza anayekuambia kweli kwa kuogopa kuchekwa, utapoteza ulicho nacho na bado watakucheka.