Saa ya Sista Nakiete

Mla na saa hashibi wala halindi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo. Atakayewaambia kwamba ilitoka kwa wahenga wa kale, mwambieni bibi yenu bado yu hai na anakula ugali.

Jana kwenye kikao cha harusi mlisikia mjomba wenu akiambiwa maneno hayo, mkacheka kwa sababu watu wazima walicheka. Leo mnaniuliza ni saa ipi hiyo, na kwa nini mtu ale nayo. Afadhali mmeuliza. Wengi huisema tu kama kasuku.

Miaka ile nilikuwa mkunga katika hospitali moja ya huku kwetu Upareni. Wodi ya wazazi na wodi ya watoto zilikuwa ukuta kwa ukuta, na mwishoni mwa wodi ya watoto palikuwa na chumba cha chai chenye dirisha dogo lililotazama vitanda. Mkuu wa zamu ya mchana kule kwa watoto alikuwa Sista Nakiete. Sijaona muuguzi aliyeipenda kazi kama yule. Mtoto aliyemtemea mama yake dawa, kwa Nakiete aliimeza na kulamba kijiko. Kifuani alibandika saa yake, ile inayoning'inia kichwa chini, na kwa saa hiyo alihesabu mapigo ya moyo na matone ya dripu, kwani mashine za kuhesabu hatukuwa nazo.

Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja: hakujua kuondoka. Utaratibu ulikuwa kwamba wauguzi wawili wa zamu wapokezane, mmoja aende kula na mwenzake abaki na watoto wote. Kwenda, Nakiete alikwenda. Lakini alikaa kwenye kiti kilichoelekea dirisha, bakuli la makande mapajani, saa kifuani, macho wodini. Kijiko kimoja mdomoni, amri moja dirishani. "Yule wa pembeni amejifunua! Iangalieni dripu ya yule wa mlangoni!" Mara nyingine alitoka na kijiko mkononi, akarekebisha dripu ambayo mwenzake alikuwa ameirekebisha sasa hivi, akarudi kuketi. Makande yakapoa, akayaacha. Tulimtania kwamba kuku wa mpishi wananenepa kwa jasho lake. Naye alicheka, akasema wodi si shamba, huwezi kumwachia kibarua.

Neno hilo alilisema mbele ya mwenzake wa zamu, Sista Yunisi. Yunisi alikuwa binti mpole, mwenye cheti chake na akili zake, mgeni wa miezi michache tu pale hospitali. Mwanzoni alipoachiwa watoto alizunguka kitanda kwa kitanda. Lakini ukirekebisha jambo, mwenzio akaja kulirekebisha tena mbele ya akina mama, mara ya kwanza unanyamaza, mara ya pili unaona haya, kisha unaacha. Yunisi akaacha. Nakiete alipokuwa chumba cha chai, yeye alikunja mashuka, akijua mwenye wodi anatazama. Simlaumu sana. Na Nakiete simlaumu sana pia, maana mapenzi nayo huweza kumtia mtu upofu.

Matroni aliyaona hayo, akamwita Nakiete. "Ukienda kula, kaa ule. Usinirudie wodini na kijiko." Nakiete akaitikia. Tangu siku ile alikaa kweli, hakuinuka. Lakini dirishani hakuhama, na saa hakuivua.

Masika ikaingia, na kuhara kukaingia nayo. Asubuhi moja akaletwa mtoto aitwaye Kiure, hajatimiza miaka miwili, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mama yake alikuwa ameteremka naye mlimani tangu alfajiri. Nakiete akatafuta mshipa, akaupata, akaifungua dripu iende mbio. Mwanzoni ilifaa iende mbio, maana mtoto alikuwa amekauka. Lakini mtoto dhaifu kama yule, akishapata maji ya kwanza, dripu hupunguzwa, la sivyo maji humjaa mapafuni. Kila muuguzi anajua hilo, na wote wawili walilijua.

Kabla ya kupunguza, zamu ya Nakiete kula ikafika. "Baki na watoto," akamwambia Yunisi, akaenda zake na saa yake.

Kutoka dirishani alimwona Yunisi karibu na kitanda cha Kiure. Akasema moyoni: yupo pale, atapunguza. Yunisi naye akageuka, akamwona Nakiete ameinua saa kuitazama. Akasema moyoni: anahesabu mwenyewe, wakati ukifika ataniambia. Akaendelea na mashuka yake, na dripu ikaendelea kwenda mbio.

Aliyeona ni mama. Mtoto alianza kuhema haraka haraka, mbavu zikiingia ndani kila pumzi. Mama Kiure akamfuata Yunisi.

"Sista, njoo umtazame mwanangu."

"Dripu yake ni ya Sista Nakiete, mama. Yuko chumba cha chai, mwambie yeye."

Mama akaenda dirishani. "Sista, niwie radhi uko kwenye chakula. Nimeambiwa nije kwako. Njoo umwone mtoto."

Nakiete akainuka nusu, akakumbuka neno la Matroni, akaketi tena. "Mwambie Sista Yunisi, mama. Si yule pale, karibu na kitanda chako?"

Yule mama akasimama katikati ya wodi. Alikuwa mwanamke wa adabu, wa kuomba radhi kabla ya kusema. Lakini siku ile alipaza sauti hadi mimi nikaisikia ng'ambo ya ukuta: "Jamani, mwanangu ana masista wawili, au hana hata mmoja?"

Hapo wakakimbia wote wawili. Nami nilikimbia. Tukaifunga dripu, tukamkalisha mtoto wima, oksijeni ikaletwa, daktari akampiga sindano ya kumtoa maji. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Sitawaeleza saa zile zilivyokuwa. Nitasema tu kwamba tuliogopa, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni mpaka jioni, pumzi ya Kiure ilipotulia.

Matroni akauliza, "Nani alikuwa na watoto?" Nakiete akasema Yunisi, na Yunisi akasema Nakiete, papo hapo, kwa wakati mmoja.

"Basi hawakuwa na mtu," Matroni akasema, akatoka.

Kesho yake nilipoingia kazini nilimkuta Mama Kiure ameshamfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Anakwenda. Daktari alikuwa amemsihi: mtoto bado anahara, bado anahitaji dripu ya polepole, akipelekwa nyumbani hatamaliza siku mbili. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyumbani nina jicho moja tu, daktari. Lakini nalijua liko wapi."

Ndipo Nakiete akaja. Sisi tulidhani atambembeleza. Hakumbembeleza. Alimwita Yunisi, akaivua saa kifuani, akaibandika kifuani kwa Yunisi. Kisha akapita naye kitanda kwa kitanda, akimweleza kila mtoto kwa sauti, kila mama akisikia wa kwake. Walipofika kwa Mama Kiure akasema, "Huyu nimemsikiliza kifua asubuhi hii, ni kisafi. Msikilize na wewe. Mama yake akikubali abaki, dripu yake utaipanga wewe."

Yunisi akamsikiliza mtoto pale pale mgongoni kwa mama yake.

"Kisafi," akasema. "Nitaianza polepole kuliko tulivyoandikiwa, halafu nimwite daktari aiangalie."

Niliuona mkono wa Nakiete unainuka. Alitaka kusema jambo, nadhani alitaka kusahihisha. Ukarudi mfukoni.

Mama Kiure akamuuliza, "Na nikikuita wewe?"

"Usiniite. Nitakuwa nyuma ya jiko, nakula. Mwite mwenye saa."

"Jana si ulikuwepo pale dirishani?"

"Jana nilikula na saa, mama. Sikushiba, wala sikulinda. Unisamehe."

Mama Kiure hakusema amesamehe. Aliitazama ile saa kifuani kwa Yunisi muda mrefu, kisha akafungua fundo la kanga, akamlaza mtoto kitandani.

Tangu siku ile ikawa desturi ya wodi zote: mwenye saa ana wagonjwa, asiye nayo akale kwa raha zake. Na Mama Kiure, aliporudi kwao na mtoto anayetembea, alilichukua lile neno. Nasikia alimwambia mama mkwe wake, aliyemwachia chungu jikoni na bado akawa anarudi kila mara kukoroga. Hivyo likapita vilimani, mpaka leo linatajwa kwenye vikao vya harusi.

Lakini siku ile ile ya saa, mchana, nilimfuata Nakiete nyuma ya jiko. Nilimkuta ameketi juu ya gogo la kuni, ameigeuzia wodi mgongo. Bakuli lilikuwa tupu, hajabakiza hata punje moja ya hindi, na machozi yanamtiririka.

"Unalia nini?" nikamuuliza.

"Kuna mtoto analia kule wodini. Humsikii?"

Nikasikiliza. Kweli, alikuwepo mtoto analia. "Mbona huendi, basi?"

Akajifuta uso kwa kiganja, akanywa chai yake ya tangawizi, ingali moto.

"Ana mtu," akasema.

Sasa mmeelewa, wajukuu zangu. Mla na saa hashibi wala halindi.