Fundi Aliyejua Vipimo vya Wenzake

Fundi wa nguo alikuwa mama wa miaka sitini na saba, na mtaani hapakuwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumpima kifua, kiuno na nyonga. Alijua nani kanenepa kabla ya mumewe kujua. Mwili asioujua ulikuwa wake mwenyewe; aliuogesha, akauvika, basi.

Asubuhi moja akioga, vidole vyake vilijikwaa kwenye kitu pembeni mwa titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kigumu kama punje ya kunde, wala hakikuuma. Hilo ndilo lililomchanganya, kwani alivyojua yeye, ugonjwa huuma. Kesho yake alikitafuta asikipate, akajicheka. Keshokutwa kilikuwepo. Akapapasa titi la kulia ili alinganishe, nalo akaliona limejaa vinundu kila mahali. Akawa hajui lipi zima na lipi gonjwa.

Alimdokezea wifi yake kwa mafumbo, kana kwamba anasimulia ya mtu baki. Wifi akasema uzee huja na vinundu vyake, na kwamba maradhi ya huko ni ya wanaonyonyesha. Ajuza ana nini cha kuugua? Fundi akatulia, lakini utulivu wa maji ya mtungi: ukiugusa tu, yanatikisika. Siku hiyohiyo alishona mkono wa kulia wa blauzi upande wa kushoto. Binti yake alipomwuliza ana nini, alisingizia macho. Angemwambiaje mtoto aliyenyonya titi hilohilo?

Wiki ile akaja mkunga mstaafu na kitambaa cha gauni. Fundi akamzungushia utepe kifuani, akasita. Akapima tena, akidhani utepe umejikunja. Upande mmoja ulikuwa bapa kama meza.

"Hujakosea," mkunga alisema. "Lile jingine lilikatwa. Nitilie pamba hapo, gauni likae."

"Liliuma?"

"Halikuuma hata siku moja. Ndiyo maana nilikaa nalo miaka miwili. Mimi niliyewavua wenzangu nguo miaka thelathini, niliona haya kuvua zangu."

Fundi alifungua kinywa aulize habari za zipu, yakatoka mengine. "Na mimi ninacho. Au sina. Sijui, dada."

Mkunga akafunga mlango. Alimsimamisha mbele ya kioo, akamnyanyua mikono, akamwambia atazame kama ngozi imebonyea au chuchu imeingia ndani. Kisha akamlaza chali, akamfundisha kupapasa kwa vidole vitatu vilivyonyooka, kwa miduara midogomidogo, mpaka kwapani. Kwa kuwa hedhi yake ilikwisha koma, achague tarehe moja ya kila mwezi asiibadili. Uzee, alimweleza, hauondoi hatari, huiongeza. Vinundu vya kulia vilifanana vyote, ila ile punje ya kushoto haikuwa na mwenzake. Mkunga hakuipa jina. Alisema vidole huuliza tu; hospitali ndiyo hujibu.

"Na daktari akiwa mwanamume?"

"Mficha uchi hazai, mwenzangu."

"Mimi nimeshazaa wanne."

"Basi zaa wa tano. Jizae mwenyewe."

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Fundi aling'ang'ania vifungo vya blauzi mpaka yule kijana akageuka kutazama ukuta. Hapo akavifungua, kimoja kimoja. Akapigwa picha, akachukuliwa kinyama kwa sindano, akangoja siku kumi na mbili. Safari hii alimweleza binti yake yote, wakaenda pamoja kuchukua majibu. Majibu yalikuwa saratani, ila changa, haijatambaa. Daktari akatabasamu. Fundi hakuelewa mtu huambiwaje ana saratani kwa tabasamu. Njiani alimwuliza binti yake kama hiyo ni habari njema au mbaya, na binti, huku akifuta machozi, akajibu kwamba hata yeye hajui.

Walitoa uvimbe, titi likabaki. Akapigwa mionzi wiki kadhaa, akachoka, akanyanyuka. Huu ni mwaka wa tatu, na cherehani inalia. Kila mwanamke anayekuja kupimwa gauni sasa huingizwa ndani, mlango ukafungwa, akaulizwa kama anaujua mwili wake. Wifi alikuwa wa kwanza. Fundi angeendelea kuficha kifua chake, leo asingekuwepo wa kuwauliza. Ni kweli tupu: mficha uchi hazai.