Paa la Bi Mize

"Aliyeezua paa lake ameuezeka mji." Mmeisikia leo kwenye mkutano wa mtaa, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani mji wetu ulikuwa wa makuti matupu, nyumba zimebanana kama meno. Bi Mize binti Shekue alikuwa mshonaji wa makuti. Nusu ya mapaa ya mtaa huu yalipita mikononi mwake. La kwake mwenyewe alikuwa amelimaliza juma lile lile, baada ya kuvujiwa masika mawili.

Adhuhuri moja ya kaskazi, moto ulizuka upande wa sokoni. Upepo ukaubeba. Watu wakahangaika, huyu na godoro, yule na mbuzi, kila mmoja akimwagia maji nyumba yake. Bi Mize alisimama uani akitazama cheche zinavyoruka. Aliyajua makuti: yakishakauka, ndoo ya maji ni mate tu. Na kati ya moto na mtaa mzima ilibaki nyumba yake.

Akachukua panga, akapanda ngazi.

"Mama Hadia, umepagawa?" mumewe, Bwana Kombo, alifoka kutoka chini. "Moto wenyewe haujafika!"

"Ukifika tutaezua nini?"

"Paa hilo halina hata juma!"

"Nalijua, nimelishona mwenyewe. Shika kamba, baba Hadia, uvute!"

Alikata huku machozi yakimtoka. Hakujua ni moshi au ni uchungu. Kombo alisimama kama gogo. Mara cheche ikatua begani mwa mkewe, kanga ikashika. Bi Mize akaipiga kwa kiganja, akaendelea kukata. Hapo Kombo akaishika kamba. Majirani wakatupa magodoro, wakaja. Paa likashuka, likaburutwa mbali. Boriti zikafuata, kuta zikasukumwa.

Moto ukafika, ukalamba udongo, ukakosa cha kula, ukafa.

Nyumba ile haikujengwa tena. Uwazi wake ndio barabara pana mnayopita kila siku, ingawa kibao chake kina jina la mtu mwingine.

Jioni ile jirani mmoja aliwakuta wamekaa juu ya kifusi. "Bwana Kombo," akauliza, "mtalala wapi sasa?"

Kombo aliinua mkono uliojaa malengelenge, akamwonyesha mapaa yaliyosalia nyuma yao, moja baada ya jingine, mpaka macho yakachoka.

"Mwulize mke wangu paa atakalo tulale chini yake," akasema. "Aliyeezua paa lake ameuezeka mji."