Jina Nyuma ya Gurudumu

Mbio husifiwa barabarani, breki husifiwa nyumbani.

Maneno hayo aliyasema dereva wa gari la harusi, uani pale Lushoto, vijana walipokuwa wakifunga riboni kwenye boneti. Walikuwa wamemuuliza atatumia dakika ngapi kushuka hadi Mombo. Hakutaja dakika. Alijibu kwa methali hiyo, akaendelea kukagua magurudumu yake moja baada ya jingine. Vijana wakacheka kidogo, kisha wakamgeukia bibi yao aliyekuwa mkekani akimenya njegere, wakamuuliza maneno yale yametoka wapi, maana hawakuwahi kuyaona katika kitabu chochote cha shule.

"Vitabuni hayajafika," bibi alisema. "Yana miaka ishirini na kitu tu. Yalizaliwa hapa hapa, na gari jeusi ndilo lililoyaleta. Kaeni, ila mkono mmoja mmoja uingie kwenye njegere."

Wakakaa, naye akasimulia.

Palikuwa na dereva kijana akiitwa Hizza Sheuya, mtoto wa kwanza wa mama mjane. Alikuwa na gari jeusi la milango minne kutoka Japani. Kwa kulitazama ungesema ni gari la mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu, lakini chini ya boneti lilikuwa na injini ya turbo. Hizza akikanyaga mafuta, abiria alibanwa kitini kama aliyesukumwa kifuani. Pale stendi walimwita Mshale. Akitokea Mombo, vijana walitazama saa na kutangaza dakika alizotumia, na sifa zile zilimwingia Hizza taratibu, kama chai ya tangawizi siku ya ukungu. Mama yake peke yake hakuwahi kuuliza habari za dakika. Aliuliza tu kama amekula.

Hizza alikuwa na dada mmoja, Salha. Siku waliyomzika baba yao, Salha akiwa bado mtoto wa shule, Hizza alimwahidi kwamba siku atakayoolewa ataendeshwa na kaka yake mwenyewe hadi mlangoni kwa mumewe. Miaka ikapita, Salha akaposwa na kijana wa Mombo, na harusi ikapangwa siku ya Jumamosi. Ahadi ile ikawa imefika.

Sasa ni lazima mjue jambo moja. Katika ukoo wao, bibi harusi hasimami njiani. Desturi ilitoka enzi za kwenda kwa miguu, ambapo sanduku la bibi harusi halikutuliwa chini mpaka kwenye kizingiti cha mume. Wazee walisema mzigo ukituliwa njiani, na ndoa itatuliwa njiani. Magari yalipokuja, desturi ikapanda garini. Gari la bibi harusi likishawashwa, haliguswi na vumbi la kituo chochote.

Wiki moja kabla ya harusi Hizza alilipeleka gari kwa fundi Kupaza, mtu mpole aliyekuwa na mazoea mawili ya ajabu. La kwanza, kabla ya kushika spana aliinama akanusa magurudumu, akasema breki zina harufu zake kama chakula kinachoanza kuungua. La pili, kila alipofunga matairi au breki mpya, alimuuliza mwenye gari swali moja: nani anakungoja nyumbani? Akitajiwa jina, aliliandika kwa chaki upande wa ndani wa gurudumu, mahali pasipoonekana. Wengine walidhani ni dawa. Mwenyewe alisema anaandika ili asisahau anamfungia nani.

Alilinusa gari la Hizza, akalipandisha juu, akamwonyesha. Matairi yalikuwa mazuri kwa nje, lakini upande wa ndani yameliwa hadi nyuzi zinachungulia. Pedi za breki za mbele zilibaki nyembamba kama kucha.

Wakaenda pamoja dukani kuchagua. Hizza aliyapenda mara moja matairi fulani mapana ya mtumba, meusi yanayong'aa. Kupaza aliligeuza moja, akamwekea kidole kwenye tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, zinazoeleza wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lilikuwa na miaka tisa. Akamweleza kwamba tairi huzeeka hata likiwa limekaa tu, mpira wake hukauka kama mkate wa juzi, na dawa ya kung'arisha hairudishi ujana. Hizza alisikia. Alisoma kipimo kwenye kibandiko cha mlangoni mwa gari, akachukua matairi mapya ya kipimo kile kile, akajiona mtu mwenye busara.

Zikabaki breki. Kupaza alikuwa ameagiza kutoka Tanga pedi ngumu zinazostahimili joto, zilizotengenezwa kwa magari yenye nguvu kama lile. Kando yake palikuwa na pedi laini za magari ya kawaida. Na ukutani, Mungu amsamehe aliyezitundika, kulikuwa na rimu mpya za rangi ya fedha. Mfuko wa Hizza uliweza rimu na pedi laini, au pedi ngumu bila rimu.

Alisimama pale muda mrefu. Si kwamba hakuwa na akili. Aliwaza uwanja wa Mombo umejaa watu, dada yake akishuka, kila mtu akilitazama gari.

"Rimu zitaonekana kwenye picha," alisema mwishowe. "Breki nani ataipiga picha?"

"Gari lako lina mbio," Kupaza alisema. "Kinachozuia lazima kikishinde kinachokimbiza. Pedi hizi laini zikipata joto la mteremko, zinateleza kama sabuni."

"Fundi, mteremko ule nimeushuka mara ngapi?"

"Ulikuwa unashuka unapakia na kushusha abiria. Kila ulipowashusha, breki zilipumua. Jumamosi hutasimama."

Hizza akarudisha macho ukutani. Alichukua rimu. Kupaza hakumlaumu. Alimfungia pedi laini kwa uangalifu ule ule, kisha akachukua chaki na kuuliza swali lake. Vijana wa stendi walikuwa wamejaa kuziangalia rimu, na Hizza alitaka wacheke.

"Andika barabara nzima," alisema. "Barabara nzima inaningoja."

Wakacheka kweli. Kupaza akaandika alivyoambiwa.

Jumamosi asubuhi msafara ukatoka. Mama yake Hizza alibaki, kwa kuwa mama mzazi hasindikizi. Alisimama mlangoni akishika fremu kwa mikono miwili. Ndani ya gari jeusi waliketi Salha, amefunikwa shela, na shangazi yao aliyepewa dhamana ya kumfikisha. Buti lilijaa masanduku. Nyuma yalifuata magari mengine, na mwisho kabisa pikapu chakavu ya Kupaza, iliyobeba mikeka na masufuria.

Walipopita Soni watu walitoka barabarani, wanawake wakapiga vigelegele, na Hizza akawapa walichotaka. Aliliachia gari likaimba kwenye kona, akilikamata kwa breki, akiliachia tena. Matairi mapya yalishika lami vizuri ajabu. Msafara ukabaki nyuma.

Chini ya Soni ndipo harufu ilipomfikia. Kwanza alidhani ni mkaa wa mtu. Kisha akakumbuka Kupaza alivyoinama kunusa. Alikanyaga breki, pedali ikaenda chini kuliko kawaida kabla ya kushika. Akakanyaga tena, ikaenda chini zaidi. Mbele palikuwa na kona kali, na kabla ya kona palikuwa na uwazi mpana upande wa mlima, ambapo wanawake huuza matunda damu, yale mekundu ya milimani, kwenye ndoo.

"Shangazi, nasimama," alisema.

"Husimami. Mabibi harusi wote wa ukoo huu wamefika bila kusimama, uje uanze wewe?"

"Breki zinakwisha."

"Basi nenda polepole. Lakini usisimame, Hizza. Utamfungulia mwenzako mlango wa nuksi."

Hizza alitazama kwenye kioo. Salha, ambaye tangu Lushoto hakuwa amesema neno, alikuwa ameinua shela.

"Kaka, mimi nataka kufika," alisema. "Tufike kwanza. Hayo mengine tutayaombea dua."

Hizza akashusha gia, injini ikanguruma, akashusha tena. Akakanyaga breki na pedali ikalala sakafuni kama kitu kilichokufa. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akalibana gari kwenye tuta la majani upande wa mlima. Rimu mpya ikakwaruza jiwe, sauti yake ikawaingia menoni. Wauza matunda wakakimbia na ndoo zao. Gari likatambaa, likatambaa, likasimama. Kati yake na kona zilibaki hatua ambazo mtoto angezihesabu.

Moshi ulipanda taratibu kwenye magurudumu ya mbele. Shangazi alishuka, akaenda kukaa kwenye majani akiligeuzia gari mgongo, akalia.

Msafara ulifika, na pikapu ikafika mwisho. Mtu mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji, Kupaza akamzuia, akieleza kwamba chuma chenye moto ule kikimwagiwa maji kitapinda au kupasuka. Kilipaswa kupoa chenyewe. Basi harusi nzima ikakaa kando ya barabara kungoja chuma kipoe. Waliogopa, kisha wakachoka kuogopa, wakaanza kununua matunda damu.

Hatimaye gurudumu lilivuliwa. Salha aliinama, akiikunja nguo yake isiguse grisi, akasoma maandishi ya chaki.

"Barabara nzima," alisema. "Ndiyo nini hii?"

Hizza alimweleza, kwa sauti ya chini, hadi kile kicheko cha vijana. Alipokuwa anaeleza, basi moja lilipita, likafuatwa na lori la kabichi, kisha gari dogo. Waliokuwa ndani waligeuza shingo, wakatazama, wakapita. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yule ndiye Mshale. Hizza aliwafuata kwa macho mpaka walipopotea kwenye kona, akainamisha kichwa.

Kupaza alitia mkono chini ya kiti cha pikapu, akatoa boksi la pedi ngumu. Alisema alikuwa na nia ya kuzirudisha Tanga akasahau. Kila mtu alijua Kupaza hasahau. Alizifunga, akaweka oili mpya ya breki, akatoa hewa mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu. Kisha hakuuliza swali lake. Alimpa Hizza chaki.

Hizza aliandika, akaona hakuandika vizuri, akafuta kwa kiganja, akaandika upya: Mama.

Walifika Mombo adhuhuri imeshapita. Vijana wa huko walimpokea kwa utani kwamba Mshale umekuwa kobe, na mmoja akaomba kobe apewe maji. Hizza alifungua mlango wa nyuma, akampa dada yake mkono, akamfikisha kwenye kizingiti. Aliusikia utani ule, wala hakuukasirikia.

Alirudi Lushoto jua likiwa bado mlimani. Stendi wakampigia kelele: leo ngapi? Akasema hakutazama saa. Nyumbani, shangazi, aliyekuwa amerudi naye, ndiye aliyetangulia kusema. Hakuficha neno, hata lile kwamba yeye ndiye aliyekataza gari lisimame. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akapitisha kiganja juu ya rimu iliyokwaruzwa kama anayempapasa mtoto aliyeanguka.

"Mwanangu," alisema, "mbio zako nimezisikia miaka mitatu, kila anayepita ananiletea. Sikuwahi kuzisifu, nawe ukadhani sikuoni. Nilikuwa nakaa ndani nasikiliza gari, nangoja lizime. Likizima, namshukuru Mungu. Waache wasifu mbio, wao ni watu wa barabarani. Mimi nasifu kilichokurudisha."

Shangazi ndiye aliyeyabeba maneno hayo hadi kisimani na sokoni, na kila aliyeyachukua aliyafupisha kidogo, mpaka yakawa kama mlivyoyasikia leo.

Hadithi ya bibi ikaishia hapo. Bakuli la njegere lilikuwa limejaa.

Kijana mmoja akauliza kuhusu Salha, kama kweli ndoa yake ilipata nuksi kwa kusimama njiani. Bibi akasema Salha na mumewe wapo Mombo mpaka leo, na ugomvi wao mkubwa ni wa chumvi. Tena tangu siku ile, mabibi harusi wote wa ukoo husimama pale kwenye uwazi, breki zikapumua, na bibi harusi akala tunda damu moja. Imekuwa desturi, na asiyesimama ndiye anayesemwa.

"Na yule shangazi aliyekataza?"

Bibi alipukuta maganda kwenye kanga yake. "Yule shangazi amewafanya mmemenya njegere bakuli zima bila kujua," alisema. "Haya, nendeni. Mwambieni dereva asiwe na haraka na mtoto wetu."

Wakainuka. Nje dereva alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la mwisho, na kati ya vidole vyake palikuwa na kipande cha chaki. Hakuna aliyemuuliza dakika tena. Walichokiuliza ni nani anamngoja nyumbani, na alipotaja jina, wakaelewa: mbio husifiwa barabarani, breki husifiwa nyumbani.