Mfereji Haumjui Mwenyekiti

"Mfereji haumjui mwenyekiti." Mnacheka? Mmeisikia leo kwenye foleni ya zahanati, mkadhani mama aliyeisema anamtukana mtu. Kaeni niwaeleze ilikoanzia, maana mwenyekiti mwenyewe nilikuwa mimi, babu yenu.

Maji ya mlimani hapa petu yalikuwa machache, kwa hiyo kila shamba lilikuwa na siku yake. Mkutano wa kijiji ukapitisha sheria: atakayefungua mfereji siku isiyo yake, jembe lake litachukuliwa, na zamu yake inayofuata atapewa aliyeibiwa. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Kujifanya tu!

Kiangazi kikawa kikali. Mahindi yangu yalikuwa yanatoa ndevu, majani yamejikunja. Jumanne ilikuwa siku ya Nakijwa, mjane mwenye watoto wanne. Maharage yake yalikuwa kwenye maua. Yakikosa maji siku hiyo, wanawe wangelala njaa mpaka masika. Nilijua vizuri. Nikafungua hivyo hivyo, maji yakaingia kwangu.

Mara akaja Kiangi, mlinzi wa mfereji, mtu mpole. Kazi hiyo nilimpa mimi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba jembe."

"We Kiangi! Umesahau mimi ni nani?"

"Sijasahau, mzee. Lakini leo ni Jumanne, maji ni ya Nakijwa."

Nikamfokea, nikamtishia kumfukuza kazi. Hakuondoka, akanyoosha mkono apokee jembe. Nakijwa, aliyekuwa nyuma yake, akasogea mbele.

"Baba," akasema, "cheo ni koti la kuazima. Siku ukilivua, zamu yako atailinda nani?"

Jamani, nikatoa jembe. Wiki iliyofuata nikatazama maji yangu yakienda kwake huku mahindi yangu yakinyauka. Roho iliniuma, siwadanganyi.

Mwaka wa pili nikashindwa uchaguzi. Mwenyekiti mpya, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi, akafungua maji siku yangu. Bibi yenu alikuwa mgonjwa kitandani, na shamba lile ndilo lilikuwa tegemeo letu. Sikuwa na wa kunisemea. Nikakaa kwenye tuta, nimekwisha.

Ndipo nikasikia sauti ile ile ya Kiangi, ya upole vile vile:

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba jembe."

Nililia, wajukuu zangu, mbele za watu. Mfereji haumjui mwenyekiti.